Tajiri Akija Kwenye Chama: Funzo Kutoka kwa Watengenezaji wa Programu za Ramani

Wasomaji wetu, chukueni mfano huu. Kikundi cha akina mama 22 kimeweka akiba kwa miaka minne. Kimechimba kisima, kimenunua mashine ya kusaga posho, na jina la kikundi linajulikana kata nzima. Siku moja anakuja tajiri mwenye lori jipya. Anasema, "Nimependa kazi yenu. Nitawapa mashine nyingine kubwa na nitamlipa fundi. Ila mashine yangu ya mjini nayo itatumia jina la kikundi chenu, na ile yenu ya zamani tutaitafutia jina lingine." Mwenyekiti na mweka hazina wanakubali jioni hiyo hiyo. Wanachama wengine wanasikia habari sokoni.

Je, ni jambo jema au baya? Wengine watasema pesa ni pesa, msaada haukataliwi. Wengine watasema jina letu tumelitokea jasho, mbona limetolewa bila sisi kuulizwa? Wote wana haki ya kusema hivyo, na hapo ndipo vikundi vingi huvunjika.

Kisa kinachofanana sana na hicho kilitokea kweli. Hakikutokea kijijini kwetu, kilitokea Marekani na Kanada, kati ya watu wanaotengeneza programu za kompyuta za kuchora ramani. Kampuni tajiri iliwajia na zawadi. Kelele zikapigwa, lakini mwishowe wakapata utaratibu mzuri wa kukaa pamoja. Tunawaletea kisa hicho kwa sababu vikundi vyetu vinaweza kutumia utaratibu huo huo.

PROGRAMU HURIA NI KITU GANI?

Kompyuta haifanyi lolote bila maagizo. Maagizo hayo huandikwa na watu, mstari kwa mstari, na yakikamilika huitwa programu. Programu nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa. Unalipia ruhusa ya kuitumia, lakini huwezi kuona ilivyoandikwa ndani wala kuirekebisha. Ni kama kununua pampu ya maji ambayo fundi wenu haruhusiwi kuifungua.

Programu huria ni tofauti. Maandishi yake yako wazi. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia, kuyatengeneza upya na kumpa jirani. Ruhusa hiyo huandikwa katika kibali kinachoitwa leseni. Kwa hiyo tusidhani programu huria haina mwenyewe. Wenyewe wapo, nao ni wale walioiandika, lakini wametoa kibali kwa wote.

Sasa ramani zinatuhusu nini sisi? Ramani ndiyo huonyesha bomba la maji lipite wapi, zahanati iko umbali gani na kila kijiji, na mafuriko yatafika nyumba zipi. Mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS wakiandika shule, vyoo, vituo vya maji na zahanati. Mambo hayo waliyaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Huko Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa chuo kikuu na wakazi kuchora mitaa inayofurika. Kazi kama hizi hutegemea ramani na programu zilizo wazi. Kijana wa Kibera angetoa wapi pesa za kulipia leseni ghali kila mwaka?

KAMPUNI INATAFUTA NINI HAPO?

Mtu atauliza: kama programu hutolewa bure, kampuni ya biashara inafuata nini? Ziko sababu nne.

Kwanza, gharama. Kampuni inayohitaji programu ya ramani huona ni nafuu kushirikiana na wengine kuitengeneza kuliko kuiandika peke yake. Pili, biashara ya kazi ya mikono. Programu ni bure, lakini kuifunga, kuitunza na kuwafundisha watu kuitumia ni kazi ya kulipwa. Kampuni nyingi ndogo huishi kwa kazi hiyo. Tatu, wateja. Mtu akizoea programu ya bure ya kampuni fulani, huenda kesho akanunua ile ya kulipia. Nne, jina zuri. Kampuni inayosaidia kazi ya wengi huaminiwa.

Hakuna dhambi katika sababu hizo. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni ikija na kushika jembe, ipewe mstari wake ilime. Matata huanza mgeni aliyepewa jembe anapoanza kupima shamba.

KISA CHA MAPSERVER

Katikati ya miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilishirikiana na idara ya maliasili ya jimbo hilo kusambaza habari za misitu. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilisaidia kwa fedha. Katika kazi hiyo ilizaliwa programu ya kuonyesha ramani kwenye intaneti. Aliyeianzisha ni Steve Lime, nayo ikaitwa MapServer. Ilipowekwa wazi, watu wa nchi nyingi waliichukua, wakaitumia na kuirekebisha. Kampuni ndogo nazo zikaingia, kwa mfano DM Solutions Group ya Ottawa, Kanada. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda hivyo: huyu anarekebisha hapa, yule anaandika maelezo, mwingine anajibu maswali ya wageni.

Tarehe 28 Novemba 2005 likatoka tangazo. Autodesk, kampuni kubwa ya Marekani inayojulikana kwa AutoCAD, programu ya wachoraji wa majengo na mashine, ilisema mambo mawili. La kwanza, imeandika programu mpya ya ramani za intaneti na sasa inaitoa wazi kwa wote. La pili, pamoja na Chuo Kikuu cha Minnesota, DM Solutions na wengine, inasaidia kuunda wakfu wa kulinda kazi hiyo, yaani chombo kisicho cha faida, na wakfu huo utaitwa MapServer Foundation.

Hadi hapo ni habari njema. Lakini sikiliza majina. Programu mpya ya kampuni iliitwa MapServer Enterprise, yaani MapServer ya mashirika makubwa. Na MapServer yenyewe, ile ya miaka kumi, ilipewa jina jipya: MapServer Cheetah, yaani duma. Programu hizo mbili hazikuwa ndugu kwa namna yoyote. Kila moja iliandikwa peke yake, na watu tofauti.

Kelele zikaanza siku hiyo hiyo. Malalamiko yalikuwa matatu.

La kwanza lilihusu jina. Watu walijitolea kwa miaka mingi mpaka MapServer ikaaminiwa, na sasa jina hilo linabandikwa kwenye kitu ambacho hawakukitengeneza. Tena chao wenyewe kinaonekana kama mdogo mtu.

La pili lilihusu mlango. Mazungumzo yalifanywa na watu wachache faraghani. Walio wengi waliyasikia yakiwa yameshakwisha. Hata mtu aliyependa mpango wenyewe aliudhika kwa kutoulizwa.

La tatu lilihusu majirani. Ziko programu nyingine huria za ramani, kama GRASS, ambayo kazi yake ilianza miaka ya 1980 katika maabara ya jeshi la Marekani. Wenye programu hizo waliuliza: kama ni wakfu wa wote, mbona unaitwa kwa jina la programu moja?

Tuseme ukweli. Hakuna aliyeiba kitu. Kampuni ilitoa kazi iliyoigharimu pesa nyingi, na leseni ilikuwa halali. Kosa lilikuwa katika njia. Zawadi ilikuja pamoja na uamuzi uliokwisha kufanywa.

WALIVYOTENGENEZA MAMBO

Jambo la kupongezwa ni kwamba pande zote zilikubali kurudi nyuma. Yale majina mawili yaliachwa. Programu ya kampuni ikaitwa MapGuide Open Source, jina lililotokana na programu ya zamani ya kampuni hiyo hiyo. MapServer ikabaki MapServer.

Kisha mkutano ukaitishwa Chicago, tarehe 4 Februari 2006. Wenye programu mbalimbali walialikwa, na wasioweza kusafiri walifuata kwa kompyuta. Hapo walikubaliana kuunda wakfu mmoja wa programu nyingi. Uliitwa Open Source Geospatial Foundation, kwa kifupi OSGeo. Rais wake wa kwanza alikuwa Frank Warmerdam wa Kanada, mtu aliyeanzisha GDAL mwaka 1998. Hiyo ni programu inayosaidia programu nyingine kusoma mafaili ya ramani ya kila aina, nayo imo ndani ya programu nyingi za ramani. Autodesk ilitoa fedha za kuanzishia wakfu, lakini haikupewa kiti cha enzi.

Utaratibu wao ulikuwa hivi, nao unafaa kusomwa polepole:

• Wanaopiga kura ni watu, si kampuni. Wanachama wapiga kura huchaguliwa kwa sababu ya kazi waliyofanya, nao huchagua bodi ya watu 9. Mfanyakazi wa kampuni kubwa anaweza kuwa mwanachama, lakini kura yake ni moja, sawa na ya mwalimu au mwanafunzi.

• Kampuni inayotaka kusaidia huwa mfadhili. Hutangazwa na kushukuriwa hadharani kwa kiasi ilichotoa. Pesa zake haziwi kura.

• Kila programu ina kamati yake. Bodi haiwaamrii waandishi wa MapServer waandike nini kesho, na mfadhili vilevile hawaamrii.

• Programu inayotaka kuingia hupimwa kwanza. Je, kila kipande kilichomo kilitolewa kihalali? Je, maamuzi hufanywa wazi? Je, wanaofanya kazi ni wengi, au kuna mtu mmoja tu ambaye akiondoka yote yataanguka? Programu ya Autodesk ilipita mlango huo huo, bila njia ya mkato.

Mpango huo umedumu. Karibu kila mwaka watu wa programu hizi hukutana katika mkutano unaoitwa FOSS4G. Mwaka 2008 ulifanyika Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2018 ulifika Dar es Salaam. Kampuni hulipia sehemu ya gharama, na jina la kila moja huandikwa pale.

KURA NAZO ZINAWEZA KULETWA KWA LORI

Mtu mjanja atasema: kama kura ni ya mtu, basi nitaleta watu wengi. Hilo nalo limeonekana.

Ile ramani ya OpenStreetMap ina wakfu wake, uliosajiliwa Uingereza mwaka 2006. Wanachama wa kawaida hulipa ada ndogo na kuchagua bodi. Kampuni nazo hukubaliwa kama wanachama wa kutoa fedha, hutoa ushauri, lakini hazipigi kura ya bodi. Basi mwezi Novemba 2018, uchaguzi wa Desemba ukiwa unakaribia, maombi 100 ya uanachama yaliingia kwa siku moja, yote ya wafanyakazi wa kampuni moja. Kamati ya uanachama ililichunguza jambo hilo na kuandika ripoti iliyotolewa wazi kwa wote.

Nani kati yetu hajaona kitu kama hicho? Wiki moja kabla ya uchaguzi wa kikundi, mtu analeta binamu, mashemeji na majirani, kila mmoja na ada yake mkononi. Katiba inasema alipaye ada ni mwanachama. Utamkataza vipi?

Mwaka 2020 wakfu huo ulifungua njia nyingine ya kujiunga: mtu aliyechora ramani siku 42 au zaidi katika mwaka anaweza kuwa mwanachama bila kulipa ada. Hapo kazi ndiyo ada. Mtu aliyeshika jembe anajulikana, na hata asiye na shilingi anapata sauti.

KAMPUNI IKIBADILI NIA

Kuna swali moja zaidi. Inakuwaje kama hakuna wakfu kabisa, na kila mtu anategemea wema wa kampuni moja?

Kampuni ya Marekani inayoitwa Mapbox ilikuwa na programu nzuri ya kuonyesha ramani kwenye kurasa za intaneti, Mapbox GL JS. Ilikuwa huria, na watu wengi waliijengea kazi zao juu yake. Mwezi Desemba 2020 kampuni ilitoa toleo la 2, na hili halikuwa huria tena. Sasa mtumiaji alitakiwa kufungua akaunti kwa kampuni, na matumizi yake kuhesabiwa. Kampuni ilikuwa na haki hiyo kisheria, maana kazi ilikuwa yake. Haikuvunja ahadi iliyoandikwa popote.

Kilichowaokoa watumiaji ni leseni ya toleo la 1. Ile ilikwisha kutolewa na haikuweza kurudishwa. Ni kama mbegu uliyomgawia jirani: mwaka ujao unaweza kumnyima, lakini ya mwaka huu ameshaipanda. Watu wakalichukua toleo la zamani, wakaendelea nalo kwa jina la MapLibre. Kampuni kadhaa, kubwa na ndogo, zikachangia. Safari hii waliweka bodi na taratibu, ili kampuni yoyote ikiondoka kazi isisimame.

Tofauti ni hii basi. Kwa MapServer, watu walipiga kelele mapema, wakaweka utaratibu, na kampuni ikabaki ndani kama mshiriki. Kwa Mapbox, utaratibu ulikuja baada ya mlango kufungwa. Watu walipona, lakini ilibidi waanze kujipanga upya.

YANAYOTUHUSU KATIKA VIKUNDI VYETU

Turudi kwa wale akina mama 22 na mashine yao. Yule tajiri wasimfukuze. Mkono mtupu haulambwi, na mashine ya pili ingewafaa. Lakini kabla ya kusema ndiyo, wangefanya haya:

1. Kuitisha mkutano wa wanachama wote. Viongozi waje na maneno ya tajiri, wasije na jibu. Yaandikwe kwenye kitabu cha mkutano.

2. Kulinda jina. Jina la kikundi ni mali, kama kisima na mashine. Liandikwe katika katiba kwamba haliwezi kutumiwa na mtu mwingine bila kura ya wanachama.

3. Kutenganisha pesa na kura. Mfadhili ashukuriwe hadharani, jina lake liandikwe ukutani akipenda. Lakini asiwe na kura kwa sababu ya pesa zake.

4. Kuangalia wanachama wapya. Katiba iseme mtu akae ndani ya kikundi muda gani, au afanye kazi kiasi gani, kabla ya kupiga kura.

5. Kuandika kabisa itakuwaje tajiri akiondoka. Mashine ni ya nani? Fundi atalipwa na nani? Funguo ziko kwa nani? Mtu mwenye nia njema hataogopa maswali hayo.

6. Kutomtegemea mtu mmoja. Kama ni tajiri mmoja tu analipa kila kitu, au fundi mmoja tu anajua mashine, kikundi kimefungwa kamba hata kama leo kamba haionekani.

Jambo la mwisho kwa vikundi vinavyochora ramani za chemchemi, visima au mipaka ya mashamba. Siku hizi watu huja na simu na kompyuta kuchukua habari hizo. Waulizeni mapema: ramani hii itakuwa ya nani? Itawekwa wapi? Sisi tutapata nakala, na tutaweza kuirekebisha chemchemi ikikauka? Watu wa Kibera walitembea wenyewe, wakaandika wenyewe, na ramani ikawa wazi kwa wote. Ramani ya kijiji chenu iliyofungwa kwenye kompyuta ya mtu wa mbali haitawasaidia siku ya kubishania bomba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kupokea msaada ambao wanachama wengi walisikia baadaye? Nini kilitokea?

2. Katiba yetu inasema nini kuhusu nani anapiga kura? Je, mtu anaweza kuleta watu 20 kesho na kuchukua uongozi?

3. Kama mfadhili wetu mkubwa akiondoka mwezi ujao, ni kazi gani itaendelea na ni ipi itasimama?

4. Jina la kikundi chetu linatumiwa na nani? Nani alitoa ruhusa?

Someni maswali haya kwa sauti katika mkutano ujao, na mkiona katiba yenu ina pengo, lizibeni sasa, wakati hakuna tajiri mlangoni.